Upande wa Pili wa Mkanda wa Mzee Burhan

Sumaku ilikuwa bado haijashuka.

Wiki iliyopita tulimwacha Isaak Burhan katikati ya sebule ya Dalmas Wakhungu, hapa Kitengela, Jumapili saa nane mchana, ameshika sumaku aliyoing'oa kwenye spika kubwa ya dukani kwake. Chini ya sumaku, juu ya meza, ulikuwepo mkanda wa sauti wa mwaka wa 1959. Dalmas alikuwa amepiga magoti. Wasomaji wawili wameniandikia kwamba mwanaume mzima hawezi kupigia mkanda magoti. Hawamjui Dalmas.

Kwa wewe uliyeazima gazeti la jirani leo, nitasema haraka. Dalmas ni fundi wa redio aliyestaafu, na kazi yake sasa ni kukusanya sauti za watu wakubwa waliokufa. Ana santuri za magavana. Ana hotuba za viongozi wa wafanyakazi, na mahubiri ya askofu mmoja aliyekohoa kuliko alivyohubiri. Mwezi uliopita alikwenda Namanga, akamkuta ajenti mmoja wa forodha akisafisha stoo, akaondoka na mkanda wenye sauti ya Mzee Burhan.

Na Mzee Burhan si jina la kuchezea Kajiado. Mwaka huo wa 1959 afisa wa mifugo, mzungu, alitoa amri ng'ombe wapunguzwe kwa nguvu, na watu wakawaficha. Akawaita wafanyabiashara wa Kisomali awahoji. Inasemekana Mzee Burhan alisimama mbele yao wote akakataa kusema neno. Kesho yake wachungaji watano walikamatwa, wakapelekwa kambini mbali, na homa ikawamaliza huko huko. Imepita miaka arobaini na minne, na bado watu wanaulizana ni nani aliyewataja.

Jumamosi hii soko jipya la mifugo linapewa jina la Mzee Burhan. Na Dalmas amesikia kwenye mkanda kwamba aliyewataja ni Mzee Burhan mwenyewe.

Sasa unaelewa kwa nini Isaak, mtoto wa marehemu, alikuja na sumaku. Ikigusa mkanda, sauti yote inafutika.

"Hujausikiliza hata mara moja," Dalmas alisema akiwa chini.

"Sina haja. Mimi najua baba yangu alikuwa nani."

"Kama unajua, unaogopa nini?"

Hilo ni swali la kijinga kumuuliza mtu aliyeshika silaha. Isaak aliteremsha mkono. Dalmas akaupigia mkanda mbizi, akauzingira kwa mikono miwili, na sumaku ikatua mgongoni mwake badala ya mezani. Akalia kwa uchungu, lakini hakuuachia.

Hapo ndipo Wilkister, mkewe, alipotoka jikoni akiwa bado na nguo za kanisani.

Dalmas alimwambia aite majirani. Wilkister hakuita mtu. Alijifuta mikono polepole, akamtazama Isaak, akamwambia kwamba alitegemea kazi hiyo ingekuwa imekwisha zamani.

Dalmas hakuwa amemwambia mtu yeyote habari za mkanda isipokuwa mkewe. Wilkister hununua unga na sukari dukani kwa Isaak. Hesabu hiyo hata mtoto wa nasari angeifanya.

"Ni wewe," Dalmas alisema.

"Ni mimi. Niko na watoto watatu wanalala kwa hii sebule, Dalmas, sababu chumba chao iko na wazungu wamekufa. Miaka tisa. Leo unaleta ya mtu wa hapa karibu, mtu ako na watoto, ndio utuletee vita. Wacha afute."

Naona wasomaji wengine mnamlaani Wilkister. Mimi simlaani. Nendeni kwanza mkalale miaka tisa na askofu anayekohoa ukutani.

Isaak alimshika Dalmas kwa ukosi wa shati amwinue kutoka mezani. Dalmas akamuuma mkono. Shati likapasuka. Wanaume wawili wazima walikuwa wanaburutana sakafuni kama watoto wa darasa la tatu, na Wilkister anawaambia wachunge kabati lake, wakati mlango wa mbele uliposukumwa.

Aliyeingia ni mama mfupi wa miaka sitini na minne, amejifunika vizuri, ameshika fimbo ambayo haihitaji. Huyu ni Mama Ruqia, mjane wa Mzee Burhan na mama yake Isaak. Alikuwa ameachwa kwenye pikapu nje, na alikuwa amechoka kungoja.

"Hooyo, rudi kwa gari," Isaak alimwambia. Hivyo ndivyo wao humwita mama.

Mama Ruqia hakurudi. Aliuliza kuna nini kwenye hicho kitu kinachofanya mwanawe aumwe. Isaak akasema ni uchafu. Dalmas, ambaye hajawahi kujua wakati wa kunyamaza, akasema ni sauti ya mumewe.

Mama alikaa kwenye kiti kilichokuwa karibu. Mumewe alikufa mwaka wa 1971. Wakati huo hawakuwa hata na picha yake nzuri, sembuse sauti.

"Weka," alisema.

Isaak alimsihi. Alimwambia mtu huyu ni mwokotaji wa sauti za maiti, mtu asiye na adabu, na kitakachosikika hapo kitamuua kwa moyo. Mama alimjibu kwamba moyo ni wake. Kisha akanyoosha fimbo akaisukuma sumaku hadi chini ya kochi.

Dalmas aliutia mkanda kwenye mashine. Alieleza kwamba mkanda ni mkongwe, kila ukichezwa unamwaga unga, na kila unga unaomwagika unaondoka na sauti kidogo. Yeye mwenyewe ameuchezesha mara moja tu. Aliomba watu wasipumue kwa nguvu.

Kwanza ilisikika kelele ya mashine, halafu ng'ombe kwa mbali, halafu mzungu akiuliza swali kwa Kiingereza. Kisha sauti nzito ya mwanaume, kwa Kisomali.

Mama Ruqia aliziba mdomo kwa kitambaa. Alilia bila sauti, na hata Wilkister akageuza uso.

Mzee alisema maneno machache akanyamaza. Mkalimani akasafisha koo mara mbili, akayatia kwa Kiingereza. Mzee akasema tena. Mkalimani akasafisha koo, akatafsiri. Hapo ndipo majina matano yalipotoka, moja baada ya jingine, wazi kabisa.

Dalmas alizima mashine. Alisema, kwa sauti ya mtu anayejua anaumiza, kwamba huo ndio ukweli. Mkalimani anasema Mzee anawajua walioficha ng'ombe, na anawataja.

"Nani anawataja?" Mama Ruqia aliuliza.

"Mzee, mama."

"Mzee amesema wapi?"

Dalmas akaanza kueleza upya, polepole, kama anayefundisha mtoto. Mama alimkatiza. Alimuuliza kama anajua Kisomali. Dalmas akakiri kwamba hajui hata salamu.

"Mume wangu amesema hivi: ng'ombe za watu si zangu kuuza, na jina ya mtu si yangu kutoa, nifungeni mimi. Amesema mara mbili. Jina hata moja hakuna kwa mdomo yake. Hayo majina imetoka kwa yule mwingine."

Isaak, anayejua Kisomali na Kiingereza pia, aliomba kipande kile kirudiwe. Unga mwingine wa kahawia ulidondoka mezani. Alisikiliza akiwa ameinama, na alipoinuka uso wake ulikuwa umebadilika. Mama yake alisema kweli.

Fikiria upuuzi huu, msomaji. Mama hajui Kiingereza. Mkusanyaji hajui Kisomali. Mtoto anayejua zote mbili alikataa kusikiliza. Isaak alikuwa amekuja kufuta kitu pekee duniani kinachomtetea baba yake. Alikaa kwenye kochi akajishika kichwa, na hakumwomba Dalmas msamaha, kwa sababu si aina ya watu wanaoomba.

Lakini Mama Ruqia hakuwa amefurahi. Alikuwa ameikazia macho mashine kana kwamba kuna mtu ndani.

"Huyo mkalimani," alisema, "namjua vile anasafisha koo."

Walikwenda Kajiado wakati ule ule. Mashine ilifungwa kwa blanketi nyuma ya pikapu, na Dalmas akakaa huko huko akiishikilia, maana Isaak hakumtaka mbele. Wilkister alimsindikiza hadi getini kwa maneno mawili matatu. Alimwambia akirudi na hiyo mashine atakuta kufuli mpya mlangoni.

Njiani kupitia Isinya Isaak alimuuliza mama yake mara tatu mkalimani ni nani. Mara ya tatu akamwambia aendeshe.

Walisimama mbele ya stoo ya ngozi ya Haji Yonis.

Haji Yonis ndiye mwenyekiti wa kamati ya kulipatia soko jina la Mzee Burhan. Ni mdogo wa Mama Ruqia, mjomba wa Isaak. Mwaka wa 1959 alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, karani wa afisa wa mifugo, na Msomali pekee pale ofisini aliyejua Kiingereza.

Haji alikuwa mezani akipunguza kingo za ngozi iliyotiwa chumvi. Alimkaribisha dadake, akaagiza chai. Mama Ruqia alisema hataki chai ya nyumba hiyo. Kisha akamwamuru Dalmas atafute mahali pa kuchomeka waya.

Sitaeleza sana yaliyotokea mkanda ulipoanza. Mzee wa miaka sitini na mitatu aliisikia sauti yake ya ujana, ikisafisha koo mara mbili. Alipofika kwenye jina la kwanza aliweka kisu chini.

"Zima," alisema.

"Isizimwe," Mama Ruqia alisema. "Nataka nisikie ile ya tano."

Jina la tano lilikuwa la Nur. Nur alikuwa kaka yao mkubwa. Alikuwa ameoa Umasaini, akachunga huko, na alikufa kambini bila mtu wa kumwosha.

Mama Ruqia alimtemea mdogo wake mate miguuni. Alimwita mambo ambayo mhariri wangu hataki kuyaona. Alimwambia ameuza kaka wa tumbo moja, akayaweka majina mdomoni mwa shemeji yake, halafu akakaa kwenye kamati akitafuta rangi ya kibao cha soko. Alimwambia mama yao anamlaani kutoka kaburini. Isaak alisimama nyuma yake akiongezea. Jumamosi, alisema, mkanda huu utachezwa kwa spika kubwa, Kajiado nzima isikie mkalimani alifanya nini.

Haji aliwaacha wamalize. Hakukataa neno lolote, na hilo ndilo lililomtia Dalmas wasiwasi. Dalmas amesikiliza watu waongo wengi sana kwenye mikanda yake, na mwongo hujitetea mapema.

"Ni sauti yangu," Haji alisema mwishowe. "Lakini hayo majina sikuyatunga. Nilikuta yameandikwa kwa karatasi, mezani kwa mzungu, kabla Burhan hajafungua mdomo. Akaniambia, chochote huyu mzee atasema, wewe soma hii. Alitaka ionekane ni Burhan aliyewataja. Ningekataa ningekuwa wa sita."

"Na mzungu aliyatoa wapi?" Isaak aliuliza.

Haji alitazama meza. Alisema hilo hatalisema leo wala kesho, na Isaak akitaka amwite msaliti Jumamosi mbele ya watu, amwite. Atakuja mwenyewe asimame hapo aitwe.

"Hana jibu," Mama Ruqia alisema. "Ni uongo."

Ndipo Dalmas akakohoa kidogo. Alisema mkanda huo una upande wa pili.

Isaak alimgeukia kwa hasira. Aliuliza inawezekanaje mtu akipigie kitu magoti na hajakisikiliza chote. Dalmas aliona haya. Alitoa boksi, akawaonyesha maandishi ya penseli ya yule mzungu aliyerekodi. Upande wa kwanza ulikuwa na tarehe na jina la Mzee Burhan. Upande wa pili uliandikwa kwamba ni majaribio ya mashine, siku moja kabla ya mkutano, wanawake wanakunywa chai barazani kwa mke wa afisa.

Yeye hukusanya sauti za watu wakubwa. Kwa nini amwage unga kwa ajili ya wanawake wanaokunywa chai?

Nilipoandika hapo niliweka kalamu chini kidogo.

"Usigeuze," Haji alisema. Alikuwa amesimama. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Wewe bwana, usigeuze. Ruqia, nenda nyumbani. Mimi ndiye. Nimekubali. Mimi nilimtaja Nur, nini ingine mnataka?"

Isaak pia alisema inatosha. Baba yake ameshasafishwa, mjomba amekubali, waondoke. Lakini mtu akikataza kitu namna ile, Mama Ruqia hukitaka. Alimwambia Dalmas ageuze.

Dalmas akageuza.

Vikombe viligongana. Wanawake walicheka. Mke wa afisa, kwa Kiswahili chake cha kuvunjika, alisifu maziwa. Maziwa mazuri sana, alisema, na mimi naambiwa ng'ombe yote nakufa. Hii natoka wapi?

Akajibu msichana. Sauti yake ilikuwa nyepesi, yenye furaha, ya mtu aliyealikwa mahali pakubwa kwa mara ya kwanza. Kwao, mtu akisifu unacholeta, adabu ni kumtaja aliyekupa, ili sifa ifike kwa mwenyewe. Msichana yule alikuwa na adabu.

Alisema haya ya kibuyu kikubwa ni kutoka kwa kaka yangu Nur. Yeye ako na ng'ombe wengi, memsahib, wako kule bondeni nyuma ya kilima. Na haya ya kibuyu kingine ni ya rafiki zake wanaochunga na yeye. Akawataja wote wanne kwa majina ya baba zao, polepole, mke wa afisa asije akamkosea mtu shukrani.

Kalamu ilisikika ikiandika.

Dalmas alizima mashine bila kuambiwa. Isaak alimtazama mama yake, akaangalia pembeni upesi.

Mama Ruqia alikuwa amekaa juu ya rundo la ngozi. Hakulia. Alikuwa mke mpya wa miaka ishirini siku ile. Aliulizwa maziwa yametoka wapi, na alijibu, akasahau kufikia jioni. Miaka arobaini na minne amekuwa akimwombea mabaya mtu aliyemtaja Nur, kila Ijumaa, bila kukosa.

"Ulijua," alimwambia Haji.

"Niliona karatasi. Ilikuwa na maziwa imemwagikia, na nilijua nani alipeleka maziwa jana yake."

"Na ukanyamaza."

"Ningekuambia ungeishi namna gani?"

Isaak ndiye aliyeanza kupanga, kwa sababu ni mfanyabiashara. Alisema Dalmas anakili upande wa kwanza kwa kaseti sasa hivi. Jumamosi kaseti hiyo ichezwe, baba asafishwe. Mjomba atabeba lawama, amekubali mwenyewe. Huu mkanda uchomwe hapa hapa. Haji akaitikia kwa kichwa.

Dalmas alifungua mdomo. Isaak alimwambia akisema neno atachomwa pamoja na mkanda.

"Hapana," Mama Ruqia alisema. Aliinuka bila fimbo. "Fundi, Jumamosi utacheza pande zote mbili. Mimi nitasimama hapo kando ya mashine, wakisikia wanione."

"Hooyo, watoto wa hao watu wanne watakuwa hapo."

"Ndio nataka wawe hapo. Wamengoja kama mimi. Sitawapa mtu si yeye."

Isaak alikwenda mlangoni. Aliteremsha mlango wa chuma hadi chini, akaufunga, akatia funguo mfukoni, akasimama mbele yake. Alisema hakuna mtu atatoka humo na hicho kitu. Mama yake alimfuata akanyoosha kiganja. Funguo, alisema. Isaak hakutoa. Alisema tena, na mtoto yule mkubwa mwenye ndevu za kijivu akaanza kulia, lakini mkono haukutoka mfukoni.

Wote watatu, Dalmas pia, walikuwa wakitazamana mlangoni. Hakuna aliyekuwa akiitazama meza.

Walipogeuka, Haji Yonis alikuwa ameinamia mashine. Kisu cha ngozi kilikuwa kimepita chini ya mkanda, na mkanda umejikunja juu ya makali yake.

"Nimebeba hii siri miaka arobaini na minne kwa ajili yako, Ruqia," alisema. "Huwezi kuninyang'anya leo."